Mchinjaji Aliyewapa Mbwa Majina Yetu

Watu wa mtaa wetu hapa Nachingwea wakimtaja siku hizi husema alikuwa mtu wa huruma. Si kweli. Mimi nilikaa naye jirani zaidi ya miaka ishirini, ukuta wangu wa tofali ukitazamana na uzio wake wa mabua, na nasema hakuwa na huruma hata chembe. Alikuwa na kitu kingine. Jina la kitu hicho sikulijua, kwa sababu shule niliiacha darasa la tatu, na hao waliosoma niliowauliza nao hawakulijua.

Alikuwa mchinjaji. Machinjio yetu si kitu cha kujivunia: sakafu ya saruji, paa la bati, na mfereji unaoteremka bondeni. Kila asubuhi baada ya swala alipita mbele ya mashine yangu ya kukoboa, kanzu ameikunja kwapani, kisu kiko kwenye ala ya ngozi, na nyuma yake mbwa. Hawakuwa mbwa wake, maana hakufuga hata mmoja. Walikuwa mbwa wetu, wa kila nyumba, ambao sisi wenyewe tuliwarushia ukoko kwa mbali na kuwafukuza kwa kuni. Wakimsikia anakohoa walitoka uvunguni mwa magari na chini ya meza za genge, wakamfuata kimya kama watu wanaofuata jeneza.

Kazi ikiisha aliwagawia mapupu na vipande vya ngozi. Hakurusha. Alimpa kila mmoja mkononi, akimwita kwa jina, na asiyeitwa alingoja. Alisema chakula cha kurusha kinamfundisha mbwa kugombana, cha mkononi kinamfundisha kusubiri. Aliyekiuka alipigwa teke la mbavu, teke la kweli. Nilimwona mmoja akirushwa mpaka mfereji, akatoka huko na damu, akarudi kukaa kwenye nafasi yake. Kesho yake alipewa wa kwanza.

Kuna jambo la watoto wa mbwa ambalo wanaomsifu hawalitaji. Jike yeyote wa mtaa akizaa, Mchinjaji alikuwa anafika siku ya pili bila kuitwa. Anachuchumaa, anawageuza wale vipofu mmoja mmoja kama mwanamke anayechagua nyanya, anaacha wawili. Waliobaki anawamaliza hapohapo kwa mikono, haraka, mama yao akiangalia. Mke wangu alimwona siku moja akafunga mlango, na tangu siku hiyo hakumpa salamu. Mchinjaji alipoambiwa kwamba majirani wanamwona katili, alijibu kwamba wawili ni wa kushiba na sita ni wa kufa, tofauti ni kwamba yeye anawaua siku moja, sisi tunawaua mwaka mzima.

Kwa watu ndio usiseme. Alikuwa na ulimi wa upupu. Mteja akiuliza kama nyama ni ya leo, anamwuliza na yeye kama amezaliwa leo. Mama muuza maandazi aliyefiwa na mume alikuja kununua nyama ya arobaini, akaambiwa achukue maini, kwa kuwa marehemu naye alikuwa hana meno. Mimi alikuwa ananiita Tajiri, na hakuna siku aliyolitamka neno hilo bila kulibinulia mdomo. Nilianza na baiskeli, nikinunua ufuta vijijini huko Mandawa na kuulalia njiani mvua ikininyeshea, mpaka nikawa na mashine na lori. Heshima yangu nimeitoa kwenye jasho. Yeye alikuwa akisema jasho langu linanuka kuliko la mbwa, kwa maana mbwa hatoki jasho.

Na bado ndiye aliyenifundisha kuwaona. Mtu anaweza kuishi na mbwa miaka hamsini asiwaone. Mimi nilikuwa najua kuna mbwa, basi, kama ninavyojua kuna mawe. Tukiwa tumekaa barazani kwangu kwenye jua la asubuhi, yeye na kikombe chake cha chai kisicho na sukari, alikuwa ananionyesha. Yule jike mweupe wa nyumba ya pili, alisema, huwasindikiza wanawake kisimani mpaka kwenye mkwaju, halafu anakaa. Havuki. Nikamwangalia wiki nzima, na kweli, alikuwa anafika mkwajuni, anakaa kwenye vumbi, anawangoja warudi na ndoo. Mchinjaji akasema pale ndipo unapoanza mtaa wa mbwa wa upande wa pili, na kwamba wao hawajawahi kupelekana baraza la kata kwa ajili ya mpaka.

Alinionyesha dume mzee aliyelala nje ya msikiti kila Ijumaa, karibu na viatu, asiviguse. Alinionyesha yule aliyekuwa anajua siku ya kukoboa mahindi na siku ya kukoboa mpunga, akaja siku ya mahindi tu kwa ajili ya pumba. Mbwa huyo alikuwa akipita mlangoni kwangu miaka minne na nilikuwa sijui kama ni jike au dume. Nilianza kuwasalimia. Kwa mdomo tu. Kugusa, hapana. Sisi mbwa ni najisi, akilamba chombo unaosha mara saba, moja kwa udongo, na mimi dini yangu siichezei.

Naye alikuwa Mwislamu kama sisi. Nyuma ya mlango wake palikuwa na kopo la udongo wa kichuguu, na kila akitoka kwa mbwa aliosha mikono mara saba, akihesabu kwa sauti, hata ukimsemesha hakukujibu mpaka afike saba. Lakini watu hawakuridhika. Ilikuwa hivi: mkono unaolisha mbwa ndio unaotuchinjia. Maneno yakazunguka, na mimi, nasema bila kuficha, ndiye niliyesimama baada ya swala nikasema nyama yake mimi siitaki, na anayenifuata anifuate. Watu walinifuata. Alikaa nje ya machinjio miezi mitatu. Aliyewekwa badala yake alikuwa na mkono unaotetemeka. Ng'ombe mmoja aliinuka na shingo nusu akakimbia mpaka barabarani. Wakamrudisha Mchinjaji wenyewe.

Sikumwomba radhi. Hakunisemesha karibu mwaka. Halafu asubuhi moja akapita mbele ya mashine, nyuma yake kijibwa chekundu chenye sikio moja lililolala, akasimama ili nisikie, akakiita: "Tajiri, twende."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mimi nilitaka kumvunja shingo, yeye na mbwa wake. Lakini ndiyo ilikuwa desturi yake, na nilikuwa sijaielewa. Majina yote aliyowapa mbwa yalikuwa ya watu waliomtenda vibaya. Karani alikuwa mbwa wa doa jeusi, aliyepewa jina la karani wa ardhi aliyepoteza hati ya kiwanja chake. Yule jike mweupe alikuwa Mkwe, kwa sababu ya mama mkwe aliyemchukua mke wake wa kwanza akamrudisha kwao. Diwani alikuwa yule dume mzee wa msikitini. Nilidhani ni matusi. Nilimfuata mpaka kwake nikamwambia mimi si mbwa. Alikuwa ananoa kisu, hakuinua uso.

"Mwaka mzima nilikuwa nakuchukia mpaka nalala vibaya," akasema. "Sasa nitakulisha kila siku kwa mkono wangu. Utaona kama chuki itabaki. Mbwa simpi jina la mtu mpaka niwe tayari kumsamehe, kwa hiyo nenda zako, umeshasamehewa."

Tangu siku hiyo alirudi kunywa chai barazani kwangu. Na mimi, sijui niseme nini, nilianza kumwangalia yule Tajiri wa sikio moja kama mtu anayeangalia mtoto aliyepewa jina lake. Akikonda nilikuwa nakasirika. Mke wangu alinikuta nimetoa vichwa vya dagaa nje, nikasema ni kwa ajili ya kuku.

Kisu chake nacho nikitaje. Kilifuliwa na mhunzi mmoja wa Ruangwa kwa springi ya lori, kirefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kidole. Hakikuwahi kukata kitunguu. Alisema kisu kina kazi moja kama mtu alivyo na shingo moja.

Sasa niseme la vitambaa, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka ule palikuwa na maneno ya kichaa cha mbwa huko vijijini, ikaja chanjo. Mtaalamu wa mifugo alikaa chini ya bati la machinjio na sanduku lake la barafu, akatangaza kila mtu alete mbwa wake na amshike mwenyewe wakati wa sindano. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Nani atamshika? Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kugusa mbwa wetu wenyewe. Watu walikuja wakisimama mbali, wakiwa wamemfunga mbwa kwa kamba ndefu kama wanavuta gari bovu. Mfugaji mmoja tu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake upande wa Mtua, ndiye aliyewabeba wake wanne kifuani.

Mchinjaji akavua shati akawashika wote. Kutwa nzima. Alikaa sakafuni, akiwakumbatia shingo, akiwasemesha sikioni, na aliyechanjwa alifungwa kitambaa chekundu shingoni ili ajulikane. Mtaalamu alisema kitambaa kisivuliwe. Mchinjaji aliwaambia watu vilevile, nyumba kwa nyumba. Hata mbwa wangu wa shambani Marambo, aliyekuwa akilinda mikorosho na kufukuza ngedere, nilimleta kwenye lori, naye akashikwa, akafungwa.

Sasa fikiria mwenyewe. Kitambaa chekundu, sisi watu wa huku, tunakijua ni cha nini. Ni cha mganga. Kimefungwa na mtu anayeshinda kwenye damu, kwenye shingo ya mnyama anayepita mlango wa kila mtu. Wiki haijaisha watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mmoja mimba ikatoka, wakataja mbwa. Mashine yangu ikakata mkanda mara mbili, na mara zote mbili Tajiri wa sikio moja alikuwa amelala mlangoni na kitambaa chake. Mimi nilikuwa mjumbe wa mtaa. Nikapita mwenyewe, mlango kwa mlango, nikasema vitambaa vivuliwe na vichomwe. Anayeogopa kugusa akate kwa mundu.

Kile cha Tajiri nilikikata mimi. Nilichukua mkasi wa mke wangu, nikamwita. Alikuja, akaninyooshea shingo kama alivyozoeshwa na yule mwingine. Manyoya yake yalikuwa laini kuliko nilivyofikiri. Ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyogusa mbwa. Nikaenda nikaosha mara saba.

Kile cha mbwa wa Marambo sikukivua. Kule shambani wezi wa korosho wanaogopa kitambaa chekundu, nikaona acha kifanye kazi.

Yote haya yalifanyika wakati Mchinjaji amekwenda msibani Ruangwa, akakaa huko siku kadhaa. Aliporudi akauliza vitambaa viko wapi. Kila nyumba ikamwambia vimekatika vyenyewe, mbwa wanajikwaruza. Akaniuliza na mimi. Nikamwambia hivyohivyo.

Miezi ikapita. Mama mmoja wa Mtua akaumwa na mbwa asiyejulikana katoka wapi, akapelekwa kwa mganga badala ya sindano, akafa akiogopa maji, akipiga mayowe hata ukimwonyesha kikombe. Habari hiyo ilitetemesha watu. Mtendaji wa kata akatoa amri: mbwa mwenye kitambaa abaki, asiye na kitambaa auawe.

Walikuja machinjio asubuhi, Mtendaji na mgambo wawili, kwa sababu walijua mbwa wote wa mtaa watakuwa pale, wamekaa wakisubiri kuitwa. Mapupu waliyokuja nayo yalikuwa yameshapakwa sumu. Mchinjaji akasimama mbele yao akasema hawa wote wamechanjwa, yeye ndiye aliyewashika. Mtendaji, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Mzee wangu, nakuamini. Kitambaa kiko wapi?" Daftari la chanjo alikuwa nalo mtaalamu, na mtaalamu alikuwa amehamishwa, simu yake haipatikani. Yule mfugaji wa Mtua alikuwa amesimama pembeni na mbwa wake wanne, kila mmoja na kitambaa kilichochakaa shingoni. Watu wakaanza kusema amehonga. Yeye akasema tu, "Niliambiwa nisivue, sikuvua."

Mchinjaji akageuka akatuangalia sote. "Nani aliwavua?"

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Neno langu lingetosha: ni mimi, nilivivua, wamechanjwa, waacheni. Mtendaji angenisikiliza, hapa mtaani nilikuwa nasikilizwa. Wala sikusahau wala sikuchelewa. Nilikuwa na neno mdomoni, nikaona nyuso za watu, nikaona watakavyosema kwamba mtu mzima mwenye mashine na lori aliogopa kitambaa. Nikalimeza.

Wakampa Mkwe kwanza, yule jike mweupe. Sitaeleza sana. Nitasema tu kwamba jua lilipanda kutoka ukingoni mwa bati mpaka utosini mwetu, na bado miguu yake ilikuwa inakimbia akiwa amelala ubavu. Watu wengine walicheka. Ndiyo, walicheka, na mmoja wao alikuwa mwenye mbwa.

Mchinjaji akaenda akammaliza. Halafu akarudi, akawaambia wale mgambo waondoe mapupu yao.

"Kama ni lazima wafe," akasema, "wafe kwa mtu anayewajua."

Akakaa kwenye sakafu, pale alipokaa siku ya sindano. Akachomoa kisu. Akawaita mmoja mmoja kwa jina, sauti ileile ya kila asubuhi, na kila aliyeitwa alikuja mkia ukicheza, akanyoosha shingo, akijua ama ni chakula ama ni kitambaa. Karani akaja. Diwani akaja polepole, alikuwa na yabisi ya miguu, akamngoja. Wenzao waliona na hawakukimbia, wakakaa kwenye nafasi zao kama walivyofundishwa. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyoyaona, na mimi nimezika watoto wawili.

Halafu akasema, "Tajiri."

Nasema ukweli, mguu wangu ulisogea.

Alipomaliza hakuosha mikono. Alikitumbukiza kile kisu kwenye shimo la choo cha machinjio, akavaa kanzu yake juu ya damu, akaenda. Hakuchinja tena, si ng'ombe, si kuku. Kabla ya masika akahamia Mandawa kwa binti yake. Hakuniaga.

Mbwa wangu wa Marambo aliishi. Yuko mpaka leo, amezeeka, ana kitambaa chake kimebaki uzi.

Mwaka jana nilikwenda Mandawa kuangalia ufuta. Ningeweza kutuma mtu. Nikapanda bodaboda mpaka kwa huyo binti, nikiwa na nyama kilo mbili kwenye mfuko. Nilimkuta nje kwenye kiti cha kamba, amekonda, macho yana ukungu. Mbele yake palikuwa na mbwa mmoja wa kahawia. Binti akanipa maji, akaingia ndani. Tukasalimiana kama wazee, habari za afya, habari za mvua, na hakubinua mdomo kuniita Tajiri. Aliniita bwana.

Nikamwambia. Nilikuwa nimelipanga njia nzima na likatoka vibaya, kwamba vitambaa nilivivua mimi, nilizunguka mlango kwa mlango, na cha yule wa sikio moja nilikikata kwa mkasi.

Akasema, "Nilijua siku ileile. Mtaa wetu mzima, wa kwako wa shamba peke yake ndiye alibaki na kitambaa."

 Yule mbwa akanusa mfuko wangu, akarudi kukaa. Nikauliza huyu anaitwa nani. Na moyo wangu, nakiri, ulikuwa unataka kusikia jina moja tu.

"Hana jina," akasema. "Alipokuja nilimpa lako. Nikamwita hivyo siku tatu. Kila nikishika nyama nikamwita, mkono haufiki." Akaunyoosha mkono wake mtupu mbele, ukasimama nusu ya njia, akauangalia na macho yake yale ya ukungu, akaurudisha mapajani. "Angekufa njaa bure. Nikamvua jina, akala."